Turbo iwe ya mwisho kununuliwa

Kijana wa Lubumbashi akishapata Toyota Mark II ya mwishoni mwa miaka ya 1990, ile ya usukani wa kulia iliyoshushwa bandarini Dar es Salaam na kupandishwa kwa barabara kupitia Zambia, mara nyingi huwa na mpango wa pili kichwani kabla hata ya kumaliza karatasi za forodha. Anataka kulitia turbo. Hana nia ya mashindano, maana hana gari lingine. Hilo hilo lenye turbo ndilo litakalompeleka kazini Jumatatu asubuhi, litawashusha watoto shuleni, na siku ya kilio litabeba wazee kwenda Likasi na kurudi usiku.

Mpango huo si wazimu, na wanaoucheka hawajapiga hesabu. Lubumbashi iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi: shinikizo lake ni kama asilimia 13 chini ya lile la Moanda au Dar es Salaam. Bukavu, iliyo karibu na mita 1,500, inapoteza zaidi. Injini isiyo na turbo haina njia ya kukwepa hasara hiyo. 1JZ-GE ya lita 2.5, ambayo Toyota iliiandikia nguvu za farasi 200 ilipoiongezea mfumo wa VVT-i mwaka 1996, hapa mjini inabaki na kama 175, na hiyo ni ikiwa mpya. Turbo inarudisha kwanza kile ambacho mwinuko umekichukua, kisha inaongeza chake.

Kosa liko kwenye mpangilio wa matumizi ya pesa. Turbo inanunuliwa kwanza kwa sababu inaonekana na inasikika. Ule mlio wa kupumua mguu unapotoka kwenye mafuta unafika mpaka kwa jirani. Sanduku la gia la otomatiki linakumbukwa mwisho, tena baada ya kuungua, na hapo pesa zimekwisha. Gari linaegeshwa garajini juu ya mawe, mwenyewe anarudi kupanda teksi, na baada ya miezi michache linauzwa kwa vipande. Anayejenga gari la turbo la kutumia kila siku aanzie kwenye sanduku la gia, na turbo iwe kitu cha mwisho kulipiwa.

Sababu iko kwenye tarakimu za Toyota yenyewe. 1JZ-GE hiyo ya farasi 200 hutoa niutoni-mita 255 za nguvu ya kuzungusha, inapofika mizunguko 4,000 kwa dakika. Ndugu yake 1JZ-GTE, iliyotoka kiwandani na turbo, iliandikiwa farasi 280, kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikubaliana kutokukivuka kwenye karatasi zao hadi mwaka 2004. Lakini farasi sio wanaovunja vyuma. Toleo la 1996 la GTE hutoa niutoni-mita 378, tena kwenye mizunguko 2,400 tu. Ni karibu mara moja na nusu ya mzigo, na mzigo huo unafika mapema, wakati gari linaondoka likiwa na watu watano ndani. Huo ndio mzigo anaoutaka kijana wa Mark II, na sanduku lake la gia tayari limefanya kazi miaka 25 katika nchi mbili.

Ndani ya sanduku la otomatiki hakuna klachi moja kama ile ya gia za mkono. Kuna mafungu ya sahani nyembamba, za chuma na za msuguano zikipishana, zinazobanwa na shinikizo la mafuta. Shinikizo likitosha, sahani zinashikana na gari linakwenda. Likipungua kidogo, zinateleza. Zikiteleza zinatoa joto. Joto linaunguza msuguano, na vumbi lake linazunguka ndani ya mafuta mpaka linaziba vali ndogo. Kila kitu kinategemea shinikizo hilo, na hapa ndipo makanika wengi wanaoijua injini vizuri hukwama.

Chukua familia ya A340 iliyotengenezwa na Aisin, ambayo Toyota iliiweka kwenye magari mengi ya injini za JZ na kwenye baadhi ya Hilux Surf. Mwenye gari asibahatishe kama analo: bamba la kiwanda ndani ya chumba cha injini huandika jina la sanduku kando ya maneno TRANS/AXLE. Katika matoleo mengi ya miaka ya 1990, kompyuta ndiyo inayochagua gia na wakati wa kuibadilisha, lakini shinikizo la mafuta huamuliwa na kebo nyembamba inayotoka kwenye mlango wa hewa wa injini. Mguu ukikanyaga, kebo inavutwa na shinikizo linapanda. Fundi anayefunga turbo mara nyingi huubadilisha mlango huo wa hewa, au huuhamisha. Kebo inabaki imelegea, au inafungwa pembeni kwa waya kwa sababu gari linabadilisha gia hata bila hiyo.

Ni kweli linabadilisha. Linabadilisha kwa ulaini wa kupendeza, mteja anafurahi, na kila ulaini huo ni sahani zinazoteleza. Kipimo cha Toyota ni milimita 0 hadi 1 kati ya kizuizi kidogo kilicho kwenye kebo na mwisho wa ala yake, mlango wa hewa ukiwa wazi kabisa. Ni kazi ya dakika chache, na hakuna kitu cha kununua. Masanduku mangapi yameungua kwa sababu hiyo peke yake, hakuna anayehesabu, lakini fundi yeyote wa otomatiki ataanza kwa kuuliza habari za kebo kabla ya kufungua boliti moja.

Adui mwingine ni joto. Konveta, lile duara la chuma linalokaa mahali pa klachi, hupitisha nguvu kwa kurusha mafuta kutoka kwenye feni moja hadi nyingine. Wakati wa kuondoka huweza kuongeza nguvu ya kuzungusha karibu mara mbili, jambo zuri kwa gari zito, lakini kila tofauti ya mwendo kati ya feni hizo hugeuka kuwa joto. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, hewa ya Lubumbashi inapita nyuzi 30 na foleni za kwenda Kasenga au Kipushi hazisogei. Gari linaondoka na kusimama, linaondoka na kusimama. Mafuta ya gia hufanya kazi vizuri karibu na nyuzi 80. Kanuni wanayoifuata wajenzi wa masanduku haya ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya hapo hupunguza umri wa mafuta kwa nusu. Yakivuka 120 yanaanza kuacha utando kama vanishi. Zaidi ya hapo sili za mpira zinakakamaa na shinikizo linavuja. Mzunguko ni ule ule: shinikizo dogo, sahani zinateleza, joto zaidi.

Kutoka kiwandani mafuta hayo hupozwa ndani ya tangi la rejeta. Rejeta ya gari la umri huo ikitoboka kwa ndani, maji na mafuta ya gia hukutana, linatokea rojo la rangi ya waridi kama maziwa, na gundi inayoshika msuguano kwenye sahani huachia. Kwa hiyo kipoza mafuta cha pekee, kilichofungwa mbele ya rejeta na kupewa feni yake, ndicho cha kwanza kununuliwa. Hata kama turbo haitafika kamwe, pesa hiyo haijapotea.

Na kuimarisha sanduku si kubadilisha mafuta na kusafisha karta. Fundi hulishusha na kulifungua lote, huweka sahani za msuguano wa ubora wa juu, na pale nafasi inaporuhusu huongeza idadi yake ndani ya fungu. Hubadilisha springi za bodi ya vali ili shinikizo liwe juu zaidi na sahani zibane haraka badala ya kusuguana. Baada ya hapo gia zitaingia kwa kishindo kidogo. Abiria akiuliza, ajibiwe kwamba ndivyo inavyotakiwa.

Kwenye konveta kuna mtego. Watu wa mashindano hupenda ile inayoiacha injini ipande mizunguko mingi kabla ya gari kuondoka, kwa sababu turbo huamka mapema. Wauzaji wa kwenye mtandao wataisifu. Kwa gari la kila siku hiyo ni kununua joto kwa pesa, maana konveta ya namna hiyo huteleza mjini kutwa nzima. Inayofaa ni ile iliyo karibu na ya kiwanda, lakini yenye klachi ya ndani iliyoimarishwa, ile inayofunga feni mbili pamoja kwenye mwendo wa barabara kuu. Ikifunga, mtelezo unakwisha na mafuta yanapoa. Gari linalokwenda Kasumbalesa na kurudi kila wiki litahisi faida hiyo kwenye joto na kwenye esansi pia.

Wapo watakaosema otomatiki itupwe na ziwekwe gia za mkono. Hoja yao ina uzito kwa mtu wa mashindano. Sanduku la R154 lililofungwa nyuma ya 1JZ-GTE ni imara, lakini limekuwa adimu na bei yake imepanda dunia nzima. Lile jepesi la W58 lililowekwa kwenye injini zisizo na turbo si la kubeba mzigo kama huo kwa miaka. Kisha kuna jambo ambalo wapenda gia za mkono hawalisemi: kila wanapokanyaga klachi, mguu unatoka kwenye mafuta na turbo inapungua mwendo. Otomatiki hubadilisha gia mguu ukiwa palepale, na presha inabaki. Kwa foleni za mjini, kwa dereva mwingine wa familia anayelitumia gari hilo, otomatiki iliyoimarishwa ndiyo chaguo la akili.

Upande wa injini kuna mjadala mrefu, lakini neno moja linatosha kuuongoza: mgandamizo. 1JZ-GE ya VVT-i ina uwiano wa mgandamizo wa 10.5 kwa 1. GTE ya turbo ya mwaka huo huo ina 9 kwa 1, na Toyota haikuushusha kwa bahati mbaya. Hewa ya nyuzi 30 ikisukumwa na turbo kwa nusu baa katika mwinuko wa Lubumbashi hutoka ikiwa na joto linalozidi nyuzi 90. Ikiingia hivyo kwenye injini ya mgandamizo mkubwa, esansi hulipuka kabla ya wakati wake. Injini inagonga, na inayogonga chini ya turbo haichukui muda mrefu kuvunja pistoni. Kipoza hewa, ambacho mafundi hukiita intakula, si pambo la mbele ya gari. Wala kompyuta ya kiwanda haikuandikwa kwa ajili ya hewa hiyo. Inahitaji kupangwa upya na mtu mwenye kipimo cha mchanganyiko wa hewa na esansi, si mwenye sikio zuri tu.

Hapo inaingia habari ya Kadafi. Wauzaji wa esansi wa kando ya barabara, wenye jina hilo na mabidoni yao, wanaokoa watu wengi siku ambazo vituo vimekauka, na si haki kuwafanya wezi wote. Ila mwenye turbo hana ruhusa ya kununua asichokijua. Esansi iliyochanganywa na mafuta ya taa haiwezi kuvumilia mgandamizo, na gari la kawaida litakalokohoa tu kwa bidoni hilo, la turbo litavunjika. Anayejua kwamba kuna wiki atanunua kwa Kadafi, apange injini yake kwa presha ndogo tangu mwanzo, na aweke akiba.

Kwa sababu hizo, kuna ushauri ambao hautawapendeza wapenzi wa kujenga: mara nyingi ni nafuu kununua 1JZ-GTE nzima pamoja na otomatiki yake, kutoka kwenye gari lililokatwa nusu, kuliko kuitia turbo GE. Mgandamizo ni sahihi, kompyuta ni yake, sanduku lilichaguliwa kwa mzigo huo. Lile toleo la mwanzo la turbo mbili lina gurudumu la seramiki upande wa moshi, linalojulikana kwa kuvunjika presha ikipandishwa sana, kwa hiyo liachwe kwenye presha ya kiwanda. Kipoza mafuta bado kinahitajika, na sanduku bado linahitaji kufunguliwa, kwa kuwa nalo ni la umri ule ule.

Kiangazi cha Katanga kina dai lake pia. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na vumbi jekundu la barabara za udongo likipita kwenye chujio bovu hulila gurudumu lake kama msasa. Wale wanaofunga chujio la wazi linalopiga kelele nzuri wajue wanalipia nini.

Breki hazina umaarufu garajini, lakini hapa hazikwepeki. Gari linalokwenda kilomita 120 kwa saa lina nishati mara mbili na robo ya lile linalokwenda 80, na nishati hiyo yote lazima igeuke joto kwenye diski nne. Mark II ya farasi 300 yenye breki za gari la baba mstaafu na matairi ya mtumba ni hatari kwa mwanafunzi anayevuka barabara, ambaye hakushiriki kwenye mpango wowote. Kwa hiyo breki na matairi vinalipiwa kabla ya turbo, sambamba na sanduku la gia. Mwenye gari lake aandike pia barua kwa kampuni ya bima. Tangu sheria ya mwaka 2015 ilipofungua soko na kumaliza ukiritimba wa SONAS, mteja ana kampuni kadhaa za kuzungumza nazo, lakini mkataba wa bima unasimama juu ya kile alichokitangaza. Aliyetangaza injini moja na kuendesha nyingine amejiwekea shimo mwenyewe.

Mafundi nao wana haki ya kudai. Mjini kuna vijana wanaoweza kufungua na kufunga injini ya JZ usiku kwa tochi ya simu, na hiyo si sifa ndogo. Sanduku la otomatiki linataka kitu kingine: meza safi, geji ya shinikizo, kitabu cha kiwanda, na subira ya kupima sahani kwa milimita. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964, inafundisha ufundi wa magari na ina tawi Lubumbashi. Magari ya otomatiki yameshakuwa mengi mno barabarani kwa somo hilo kuendelea kuwa la pembeni. Kozi ya wiki chache juu ya bodi ya vali, konveta na usomaji wa misimbo ya kompyuta ingeokoa pesa nyingi za familia, za wenye turbo na wasio nayo.

Wakati huo haujafika, mwenye gari anaweza kujilinda kwa vipimo vichache kabla ya kutoa dola ya kwanza. Achomoe kijiti cha mafuta ya gia injini ikiwa inaunguruma na imepata moto: mekundu na safi ni habari njema, ya kahawia yenye harufu ya kuungua ni jibu tosha. Aangalie taa ya O/D OFF kwenye dashibodi. Ikiwa inapepesa yenyewe, kompyuta ya gia inajaribu kusema jambo, na kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo fundi anaweza kuisoma kwa kuunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Kisha fundi afanye jaribio la konveta: breki imekanyagwa mpaka mwisho, magurudumu yamezuiwa, gia kwenye D, mafuta yote, bila kuzidi sekunde 5. Mizunguko ikipanda kupita kipimo cha kitabu, sahani tayari zinateleza.

Sanduku likifeli hapo, pesa ya turbo imeshapata kazi. Likifaulu, lifungwe kipoza chake na geji ya joto la mafuta mahali dereva anapoiona, na gari liendeshwe hivyo hivyo, bila turbo, mwezi wa kumi mzima kwenye foleni. Namba itakayosomeka kwenye geji hiyo saa 11 jioni ndiyo itakayosema kama kuna nafasi ya mzigo zaidi.